Fundi Viatu na S Iliyopinduka

Mwezi haupiti bila mtu kumletea Fundi Viatu ndala iliyokatika.

Huja ameishika mkononi, mguu mmoja umevaa na mwingine uko peku, anachechemea kutoka kituo cha basi kwa maelekezo ya watu wasiojua kueleza: nenda moja kwa moja, uliza Fundi Viatu, mlango wa bluu. Fundi Viatu huitazama ile ndala, humtazama mwenye ndala, kisha hunyoosha brashi kuelekea ukutani, vilikoegemea vibao vinavyosubiri kukauka.

"Mwanangu, mimi navalisha herufi. Wewe songa mbele, ukipita duka la mbao yupo mwenzangu anayevalisha watu."

Jina hilo alipewa na kinyozi wa jirani, mtu ambaye hajawahi kumwita binadamu yeyote kwa jina alilopewa na wazazi wake. Lakini safari hiyo hakukosea. Fundi Viatu huchora vibao vya maduka na shule na ofisi ndogondogo, na kwa miaka arobaini mkono wake haujawahi kutoa herufi iliyo peku. Kila mguu wa herufi yake huishia kwenye kiatu kidogo chenye ncha mbili, kisigino huku na kidole kule, kimekanyaga mstari sawasawa. Upande mmoja wa herufi ni mnene kama mtu aliyekula akashiba, upande wa pili ni mwembamba kama aliyealikwa akachelewa. Ndani ya ule unene hupitisha uzi mmoja mweupe. Mguu wa R huurusha mbele, ukajikunja mwishoni kama mkia wa kinyonga. O huwekewa jani dogo tumboni, na hakuna mteja aliyewahi kuliomba jani hilo wala aliyefanikiwa kulikataa.

"Bosi, mimi nimeagiza neno DOBI tu," mmoja aliwahi kujitetea. "Hilo jani la nini?"

"La O."

"Lakini sikuliomba."

"Na O nayo haikukuomba wewe. Ilikuwa na jani lake hata kabla hamjafahamiana."

Zile herufi nyofu zinazochapwa siku hizi kwenye mabango ya plastiki, zisizo na kiatu wala uzi wala jani, yeye huziita watoto wa mitaani. Akipita na mkewe chini ya bango jipya la duka la simu, lazima asimame.

"Ona hiyo T. Imetoka nyumbani peku kabisa. Mama yake yuko wapi?"

"Yuko kazini," mkewe humjibu bila kupunguza mwendo. "Wenye wateja hawasimami njiani kulea herufi za watu."

Mkewe ni fundi cherehani, na duka lake limepakana na karakana ya mumewe. Walikutana kwa sababu ya kibao. Enzi hizo alikuwa binti mwenye cherehani moja na mdomo wa watu watatu, akaagiza neno moja tu: USHONAJI. Kazi ya siku moja. Fundi Viatu aliifanya kwa siku tisa. Siku ya kwanza alipima ukuta. Siku ya pili akapima tena, kwa kuwa siku ya kwanza macho yake yalikuwa yakipima mambo mengine. Siku ya tatu rangi ilikuwa nzito, siku ya nne ikawa nyepesi, siku ya tano kulikuwa na jua kali mno, siku ya sita hapakuwa na jua la kutosha. Siku ya tisa binti akatoka nje, mita ya kupimia kitambaa shingoni, akamwita ashuke kwenye ngazi.

"Kaka, kuna mawili. Ama umalize hilo neno, ama ulete wazee wako kwetu. Majirani wameanza kuniuliza."

Akayafanya yote mawili kabla wiki haijaisha. Kibao kikapigiliwa juu ya mlango, na kwa miaka thelathini na moja hakikushuka. Rangi ilififia ikarudishiwa, mlango ukabadilishwa, cherehani zikawa tatu, USHONAJI likabaki palepale.

Mwaka ambao mambo haya yalitokea, bega la kulia la Fundi Viatu lilikuwa limeanza mgomo. Brashi likaikubali, ngazi likaikataa. Daktari alimwambia apumzike, naye akamjibu kwamba kibao cha nje ya chumba cha daktari kingekuwa bado hakijachorwa kama yeye angekuwa mtu wa kupumzika. Lakini ukweli aliujua. Tangu mwaka uanze alikuwa amechora vibao vinne. Hakuwahi kuisema hofu yake, maana katika nyumba ile ukisema hofu unaulizwa kama umeshakula. Ila alikuwa nayo: siku bega litakapogoma moja kwa moja, viatu vile vyote vitaondoka pamoja naye, na mji utabaki na watoto wa mitaani.

Ndipo akaja mpwa wake.

Huyu ni binti wa dada yake, anafanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, chumba cha kompyuta, ambako kwa miaka sita amekuwa akipanga herufi za watu wengine kwenye vitabu vya watu wengine. Aliingia karakanani siku moja mchana akiwa na bahasha, akaketi juu ya kopo la rangi kama alivyokuwa akifanya tangu utotoni.

"Mjomba, nataka kuzichukua herufi zako."

"Uzipeleke wapi?"

"Kwenye kompyuta. Ziwe fonti. Wewe unaichora kila herufi mara moja tu, mimi naiingiza, halafu mtu yeyote akibonyeza A, inatoka A yako."

"Na kiatu chake?"

"Na kiatu chake."

"Na uzi?"

"Mjomba, yote. Hata jani."

Fundi Viatu akafikiri. "Sasa kila mtu akishaweza kuzitoa kwa kidole, mimi nafanya nini?"

"Wewe unakaa hapohapo unawasema vibaya."

Hilo lilimridhisha. Mpwa akatoa karatasi kwenye bahasha, akaeleza. Kulikuwa na shirika moja la vitabu vya watoto lililokuwa likitafuta herufi za majalada: kubwa, za kupendeza, zenye sura ya zamani, za kichwa cha kitabu tu. Walikuwa wamealika wachoraji wapeleke kazi zao, mwisho Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa sita mchana. Pamoja na herufi zenyewe walitaka fomu yenye sahihi ya aliyezichora. Katika miaka sita hakuna aliyewahi kumuuliza binti yule kama naye ana herufi ya kuonyesha. Hakulisema hivyo, lakini alivyokuwa akiikunja na kuikunjua bahasha ile, mjomba wake aliona.

"Lete karatasi," akasema.

Kwa wiki tatu alichora. Alichorea mezani, bega likatulia. Herufi kubwa zote na namba zote, kila moja ukubwa wa sahani, kwenye karatasi za kaki. Alipofika kwenye Q alikwama, maana kwa miaka arobaini hakuna mteja aliyewahi kuagiza Q. Akaitazama katika kitabu, akasema hii ni O iliyokanyaga kitu, akaichora hivyo, na jani akaliweka. X aliifurahia kupita kiasi kwa sababu ilimpa nafasi ya kuvalisha miguu minne kwa mkupuo.

Jumanne ya wiki ya mwisho mpwa alikuja wakati wa chakula cha mchana na karatasi zilizochapwa. Fundi Viatu aliziona herufi zake zimejipanga mstari, nyeusi tii, safi, hakuna hata tone la rangi lililopotea njia. Akakaa. Akaweka kijiko chini. Mkewe, aliyekuwa ameleta chakula, akamwangalia akasema, "Haya, usilie kwenye mchuzi."

Mpwa naye alikuwa anacheka, lakini kicheko chake kilikuwa na jambo.

"Mjomba, nikuulize. S yako ulijifunzia wapi?"

"Kwa mwalimu wangu. Mabati yake yale pale."

Ukutani, kwenye safu ya misumari, yalining'inia mabati membamba yaliyokatwa herufi, yale ya kuweka juu ya ubao na kupaka rangi ikapita kwenye matundu. Mwalimu wake aliyatumia kwa kazi za haraka. Fundi Viatu aliyasoma kwa macho mpaka mkono ukajua, kisha hakuyagusa tena.

Mpwa akainuka, akalitoa bati la S kwenye msumari. Akaligeuza, juu chini, chini juu. Akaliinua mbele ya mwanga wa mlango.

"Ona. Hivi ndivyo ilivyotakiwa kuwa. Tumbo kubwa chini, kichwa kidogo juu, ikae. Yako ina kichwa kikubwa, imesimama juu ya kidole. Na H, ule ufito wake wa katikati umeshuka kama mkanda wa mtu aliyekonda. Na Z. Na namba nane. Hizo nne tu, Mjomba! Nimezihangaikia siku mbili nikidhani kompyuta imeharibika. Umezichora kichwa chini!" Akacheka tena, kwa furaha kabisa, kama aliyefungua zawadi. "Halafu angalia, bati hili lina tundu moja la kutundikia. A lina mawili. Mawili M, mawili R, mawili yote. Haya manne tu ndiyo yana tundu moja. Kwa nini?"

Fundi Viatu akalipokea lile bati. Alikuwa amerudi miaka arobaini nyuma, siku yake ya kwanza ya kazi.

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mwalimu alikuwa amekwenda kupigilia kibao cha mtu, akamwachia ufagio. Yeye akafagia, akapanga makopo, akafuta meza, bado bidii imebaki. Akatazama ukuta, akaona mabati yote yametundikwa miguu juu. A kichwa chini, M kichwa chini, R kichwa chini. Hakujua kwamba mafundi wenye mabati huyatundika hivyo makusudi, ili rangi mbichi itiririke kutoka kwenye vile viatu vyembamba isije ikaziba pembe. Alichojua ni kwamba mzee wa watu hana mtu wa kumpangia vitu. Akachukua nyundo na msumari, akatoboa tundu jipya upande wa kichwa kwenye kila bati, akayageuza moja moja. Alipofika kwenye S, H, Z na namba nane akayaangalia, akayaona yamesimama wima bila tatizo. Angalau haya aliyatundika vizuri, akajisemea, akayaacha. N, I, O na X nazo aliziacha, lakini hizo hazidai mtu. Juu na chini yao ni pacha, na baadaye mwalimu mwenyewe alizitoboa tundu la pili kwa sababu anazozijua yeye.

Mwalimu aliporudi alisimama mbele ya ule ukuta kwa muda mrefu. Halafu akashikwa na kikohozi. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. "Umepanga vizuri, kijana," akasema, akatoka kwenda kumalizia kukohoa nje. Baada ya miezi mitatu alihamia kwa mwanawe mji mwingine, akamwachia mabati na wateja.

Miaka arobaini Fundi Viatu alikuwa akiamini mwalimu wake aliondoka kwa sababu ya kifua.

"Usipeleke," akasema.

"Nini?"

"Fonti. Usiipeleke."

"Mjomba, nilikuwa nataka kusema, mimi naziona ziko..."

"Nimesema usipeleke!"

Hakuwahi kumfokea binti yule, hata siku alipokuwa na miaka sita akapaka mbuzi wa jirani rangi ya kijani. Mpwa akaiweka fomu mezani, haina sahihi, akachukua mkoba wake, akaondoka. Mkewe alimtazama mumewe kwa jicho moja tu, lile la kupima kitambaa kilichokatwa vibaya, naye akarudi kwenye cherehani.

Peke yake, Fundi Viatu aliuzunguka mji kichwani. SHULE YA MSINGI. Watoto wangapi wamejifunza S chini ya S ile? ZAHANATI, Z na H zote mbili, na watu wamepelekwa pale wakiwa hawajiwezi wakalazwa chini ya neno lililosimama kwa kichwa. Mji mzima aliupindua yeye, akausainia pembeni kwa jina lake.

Asubuhi ya Jumatano akabeba ngazi, makopo mawili ya rangi, na bega lake linalolalamika. Alianzia kwa jirani: KINYOZI SAFI. Alikuwa ameshapanda vidato vinne kinyozi alipotokea mlangoni na mkasi mkononi.

"Shuka."

"Nakurekebishia kibao. Bure."

"Kwanza shuka ndipo tuongee. Siwezi kubishana na makalio."

Akashuka. Akaeleza. Kinyozi akainua shingo, akaitazama S, akaitazama Z.

"Hii ndiyo imepinduka?"

"Hiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoichora."

"Basi haijapinduka, imezaliwa hivyo. Mimi hapa sikio langu moja ni kubwa kuliko jingine. Umewahi kumwona mama yangu akija na ngazi?"

"Watu wakijua watanicheka."

"Mzee, watu wanakucheka miaka yote. Mimi ndiye ninayewaongoza." Kinyozi akapunguza sauti, jambo lisilo la kawaida kwake. "Sikiliza. Mtu akielekezwa hapa anaambiwa, tafuta herufi zenye vichwa vikubwa, kama vya watoto. Ukinirudishia S ya kawaida, nitakuwa kinyozi wa kawaida. Na kazi yangu unaijua. Sina kingine zaidi ya kibao."

Kule zahanati muuguzi wa barazani hakumpa hata nafasi ya kueleza. Ilikuwa siku ya watoto kupimwa uzito, mama thelathini wamejipanga, na yeye anataka kusimamisha ngazi katikati yao. "Baba, kama huumwi, nenda. Kama unaumwa, kaa kwenye foleni." Fundi Viatu alikaa kidogo kwenye foleni kwa kuchanganyikiwa, kisha akaenda.

Alhamisi mkewe aliondoka mapema kwenda kuchukua vitambaa. Kibao cha USHONAJI kikabaki mikononi mwa mumewe, hakuna wa kumfukuza.

Akaifuta S. Akaifuta H. Kisha akaanza kuzichora upya, sawasawa, kama bati linavyotaka, na asubuhi nzima ikaliwa hapo. Alipima kwa rula. Alichora kwa chaki, akafuta, akachora. Brashi ilipofika kwenye mzunguko wa chini ilikuwa kama mtu anayeandika kwa mkono wa kushoto. Bega lilimuuma mpaka menoni. Saa tano alishuka, akarudi nyuma hatua kumi, akatazama. USHONAJI. Sahihi kabisa. Hata mkaguzi wa shule asingepata la kusema.

Mkewe alitokea upande wa pili wa barabara na furushi la vitambaa kichwani. Akaja, akaupita mlango wake mwenyewe. Akaenda mpaka duka la mbao, akasimama, akageuka polepole kama mtu aliyeingia chumba cha wageni kwa bahati mbaya. Akarudi. Akatua furushi chini. Akanyamaza, na mama yule akinyamaza hata cherehani za wasaidizi wake husimama.

"Mwenye duka hili amehamia wapi?" akauliza.

"Nimerekebisha. Ilikuwa imepinduka."

"Nimekuuliza mwenye duka."

"Mke wangu, ni S tu. Na H kidogo."

Akaketi juu ya furushi. Fundi Viatu alitegemea matusi na alikuwa amejiandaa, ana uzoefu. Hayakuja.

"Unajua ile S ilikuwa nani?"

"Ilikuwa S."

"Ilikuwa mimi." Akaonyesha kwa mkono, juu mpaka chini. "Enzi hizo nilikuwa nakuja kila asubuhi na furushi kichwani, nimekunja nyonga upande huu kwa uzito. Wewe uko juu ya ngazi unajifanya unapima. Siku ya nane nikainua macho, nikaona: kichwa kikubwa kwa mzigo, nyonga imetoka, mguu mdogo chini. Nikasema, kumbe huyu mwanaume mdomo hana ila macho anayo. Kesho yake ndipo nikakuambia ulete wazee. Unadhani nilisumbuliwa na majirani? Majirani gani? Mtaa huu ulikuwa na mimi na duka la mbao."

Fundi Viatu alibaki na brashi mkononi inadondosha rangi kwenye kiatu chake. Maneno ya kusema yalikuwa yameshaandaliwa mbele yake, yameiva, ni kuyachuma tu. Ndiyo, mke wangu, nilikuchora wewe. Nani angempinga?

"Sikukuchora," akasema. "Nilikosea. Nimekuwa nikikosea hivyohivyo tangu nina miaka kumi na tisa. Hata shule nimewachorea wewe, na zahanati, na kinyozi."

Mkewe akaikunja mita ya kitambaa mkononi.

"Nilijua labda hukunichora," akasema. "Kwa nini unadhani sikuwahi kukuuliza? Miaka thelathini na moja. Nilijua nikiuliza utaniambia ukweli, maana uongo wenyewe hujui kushona, halafu nitabaki na kibao tu."

"Basi leo umejua."

"Leo nimejua. Na bado naitaka. Irudishe."

"Bega linaniuma."

"Bega halikukuuma ulipokuwa unaifuta."

Akapanda. Akaifuta ile S sahihi, na haikumchukua muda kwa kuwa ilikuwa bado mbichi. Akachovya brashi, na safari hii hakupima wala hakuchukua chaki. Mkono ulianza juu, ukajaza kichwa, ukashuka ukatoa nyonga, ukamalizia kwenye kile kidole cha chini, pumzi moja. H ikafuata na mkanda wake ulioshuka. Alipofika chini na kurudi nyuma hatua kumi, alitaka kuikagua S kama fundi anavyokagua, unene, wembamba, kiatu. Hakuweza. Alimwona mwanamke mwenye furushi kichwani anakuja kazini asubuhi, na kadiri alivyojitahidi kuiona herufi, ndivyo mwanamke alivyozidi kuja.

"Nyonga umenizidishia," mkewe akasema kando yake.

"Ni ya sasa."

Akapigwa na mita ya kitambaa.

Ijumaa saa tatu asubuhi Fundi Viatu aliingia kiwanda cha uchapaji kwa mara ya kwanza maishani, fomu mfukoni, amevaa shati la kuendea harusi. Mpwa wake aliinuka haraka mpaka kiti kikabingirika.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Zile nne umezigeuza?"

"Sijazigeuza hata siku moja. Jumanne nilikuwa nakuambia hivyo. Nilitaka kusema ndizo zinazozifanya ziwe zako, nyingine zote angeweza kuzichora mtu mwingine mwenye bidii. Ukanifokea."

"Nilikufokea," akakubali. Akatoa mfukoni pakiti ya karanga alizonunua njiani, akaiweka mbele yake. Mpwa akaipokea kama inavyostahili kupokewa barua rasmi.

Akasaini. Kulikuwa na sehemu ya kujaza jina la fonti, bado ni nyeupe.

"Tuiite jina lako?" mpwa akauliza.

"Jina langu litaletewa ndala. Andika Ushonaji."

Akaandika. Saa nne na dakika kumi akabonyeza kitufe, herufi zote zikaenda, na mjomba wake akauliza zimepitia dirisha gani.

Jibu lilichukua wiki saba, na katika wiki hizo mpwa alikonda na mjomba akawa akiuliza kila siku kwa sauti ya mtu asiyejali. Shirika lilizikubali. Waliandika kwamba kitabu cha kwanza cha mfululizo kingetoka nazo jaladani, na kwamba kilichowavuta zaidi ni S na H, zenye umbo ambalo hawakuwahi kuliona kwa mchoraji mwingine. Kinyozi aliomba barua hiyo aisome mwenyewe, akaisomea wateja wake kutwa nzima, kila mara akiongeza sentensi.

Chini kabisa ya barua kulikuwa na ombi. Je, fundi anaweza kuchora na herufi ndogo?

Fundi Viatu hakuwahi kuchora herufi ndogo maishani. Mteja gani analipa kibao ili anong'one? Hata hivyo akakubali. Jumatatu mpwa akaja na rundo jipya la karatasi za kaki, akaketi juu ya kopo lake. Juu ya kila karatasi alikuwa ameshachora kwa penseli kishale kidogo, na pembeni yake neno: JUU.

Mjomba akavaa miwani. Akakitazama kile kishale, akamtazama mpwa wake, akamtazama mkewe aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya amefuata mkasi.

Kisha akaigeuza karatasi mpaka kishale kikaelekea tumboni kwake, akachovya brashi.

"Mjomba!"

"Nyamaza, binti. Nachora."